Alama Zenye Wanja

Kitu cha kwanza alichokigundua Kopo, asubuhi aliyofika peke yake kwenye mabega ya rasi, ni kwamba kinyesi cha shakwe kikishakauka kina weupe uleule wa rangi aliyoibeba. Si weupe unaokaribiana. Uleule. Alichovya brashi, akachora alama yake kwenye jiwe lililokuwa na doa la ndege, akarudi nyuma mpaka mahali ambapo msafiri angesimama, akatazama. Hakuweza kujua lipi lake na lipi la ndege.

Alicheka peke yake. Kisha akayatazama mawe mengine mbele yake, yote yamepakwa na shakwe kwa ukarimu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Watu walimwita Kopo kwa sababu tangu alipoacha shule hakuonekana popote bila kopo la rangi mkononi, akitembea nyuma ya baba yake. Aliacha akiwa darasa la tano. Kila alipoitwa kusoma mbele ya wenzake, sauti ilimkwama kooni, darasa likaangua kicheko, na siku moja akakataa kurudi. Mama yake alimbembeleza, akamtisha, akalia. Baba yake, ambaye rasi nzima ilimjua kwa jina la Fundi, alilala mapema usiku ule. Kulipokucha alimpa brashi ya waya.

"Kazi hii haina haja ya mdomo," alimwambia. "Wewe lisugue jiwe vizuri, litajisemea lenyewe."

Na kweli kazi ilimfaa. Rasi yao ilikuwa ndefu, kavu, yenye mawe makali na vichaka vya miiba, imeingia baharini kama kiwiko cha mtu anayesukuma mlango. Pande zote mbili palikuwa na magenge yaliyoshuka wima mpaka majini. Watu walitoka mbali kuja kuitembea kwa miguu. Njia zilikuwa tatu, zote za mzunguko: unatoka langoni, unatembea, unarudi kwenye lango lilelile bila kukanyaga pale ulipokwisha kupita. Ya bluu ilikuwa fupi, ya wenye watoto na wenye haraka. Ya njano ilipanda kilima cha katikati. Ya tatu, Nyeupe, ilikwenda mpaka ncha ya rasi, na hiyo ndiyo iliyowatoa watu makwao. Kila njia ilikuwa na alama za rangi yake kwenye mawe, mstari mmoja mnene wa urefu wa kiganja. Ukiiona alama, endelea. Usipoiona, rudi kwenye ile ya mwisho uliyoiona. Hapakuwa na ramani wala kiongozi.

Nyeupe aliichora Fundi akiwa kijana, kabla hajaoa. Mama alikuwa na msemo wake kwamba yeye ni mke wa pili humu ndani, mke mkubwa yuko kule mawe yaliko, na yeye mwenyewe, asivyo na wivu, amemzalia mwenzake huyo binti wa kumsaidia.

Baada ya mvua kubwa za mwaka uliopita, genge moja karibu na ncha lilimeguka, likaondoka na kipande kizima cha Nyeupe. Njia ikafungwa. Msimamizi wa rasi, mtu mpole aliyezoea kufuta miwani kila anapotaka kusema jambo zito, alikuja nyumbani kwao, akanywa chai, akafuta miwani. Kikipatikana kipande kipya cha kupita juu ya mabega ya rasi, mbali na ukingo, na kikafaulu matembezi ya mgeni, jaribio la kila njia mpya, Nyeupe ingefunguliwa. Kisipofaulu, ncha yote ingezungushiwa waya na habari ingeishia hapo. Hakutaka, alisema, mtu apotelee baharini kwa sababu ya mapenzi yao kwa njia.

"Kitapatikana," Fundi alijibu, na chai yake ikapoa bila kunywewa.

Walikipata, baba na binti, kwa kupanda na kushuka mpaka goti la Fundi likagoma. Lilivimba kama boga. Daktari alimwambia milima basi, achague kati ya goti na mawe. Kwa hiyo kazi ya kuchora ikabaki mikononi mwa Kopo, peke yake kwa mara ya kwanza. Kila jioni alipozirudisha brashi, baba alimkalisha mezani akamhoji kama mkwe aliyeleta posa. Jiwe la kwanza liko wapi? La pili linaonekana ukiwa kwenye la kwanza? Jua la asubuhi linalipiga upande gani? Kopo hakuwa mtu wa maelezo. Alichukua vijiko akavipanga mezani, kila kijiko jiwe lake. Fundi alikisogeza kijiko kimoja kushoto. Kopo akakirudisha mahali pake. Fundi akakitazama, akakiacha, na kwa Fundi huko kulikuwa kusifu.

Lakini siku ile ya shakwe, Kopo alipokwisha kupanga vijiko, alichota chumvi akainyunyiza juu yake, kila mahali, mpaka mama akauliza kama chakula cha jioni ni vijiko vyenyewe. Fundi aliitazama chumvi kwa muda.

"Ndege," alisema.

Kopo akaitikia kwa kichwa.

"Wakati wangu hawakuwepo kule."

Hawakuwepo, ni kweli. Genge lilipomeguka liliacha vibaraza vipya vya mawe, na shakwe wakahamia kama wapangaji waliosikia nyumba iko wazi. Kopo aliyajua hayo yote. Alijikaza, akasema polepole kwamba labda kwa kipande kile tu, rangi nyingine.

"Nyeupe haiwezi kuwa nyekundu, mwanangu," Fundi alisema. "Watu wataiita nini?" Hakupandisha sauti. Ila aliinuka mezani kabla ya kumaliza chakula, akaenda kulala na goti lake, na Kopo akajua amegusa mahali pasipoguswa.

Alikesha akigeuka geuka. Kumbishia baba hakuweza. Kuwaacha watu wafuate kinyesi cha ndege mpaka ukingoni, hilo nalo hakuliweza.

Asubuhi alipitia chumbani kwa wazazi kuchukua kofia yake. Mama alikuwa mbele ya kioo. Alikuwa mshonaji, na hakuwahi kwenda kwenye cherehani yake bila kujipaka wanja.

"Macho yangu haya, matundu ya vifungo," alikiambia kioo. "Bila wanja wateja wanadhani nimelala."

Alikwisha kulipaka moja, la pili bado. Kopo alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kutoka pale, jicho lenye wanja lilimwangalia wazi kabisa. Lile jingine lilikuwa limepotea usoni, halijulikani liko wapi. Mama alimwona kwenye kioo, akamuuliza kama ameona jini. Kopo aliivaa kofia yake. Alikwenda nyuma ya nyumba, akapekua chini ya mabati, akatoa kikopo cha rangi nyeusi iliyobaki walipopaka nondo za madirisha.

Siku hiyo na zilizofuata alikuwa juu ya mabega ya rasi na brashi nyembamba, shakwe wakimtukana kutoka kila upande. Kila alama nyeupe ya kipande kile aliizungushia mstari mweusi mwembamba. Ndege anaweza kudondosha weupe popote apendapo, aliwaza, ila hawezi kuuzungushia mpaka. Kazi ilikuwa nzuri. Aliijua kuwa nzuri kwa namna mkono wake ulivyokuwa hautetemeki, na wakati mmoja, alipogeuka akaona alama zake zinamtazama kutoka jiwe hadi jiwe kama macho ya ukoo mzima, kifua kilimjaa hata akakaa chini.

Nyumbani hakusema. Baba alipouliza kama kila kitu kiko tayari, aliitikia kwa kichwa, akaenda kuosha mikono kwa mafuta ya taa mpaka weusi ukatoka kwenye kucha.

Matembezi ya mgeni yalikuwa na sheria zake, na Fundi ndiye aliyezitunza. Anatafutwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga rasi. Anatangulia, anafuata alama tu. Mchoraji anatembea nyuma yake na haruhusiwi kusema, wala kukohoa kwa maana, wala kutazama upande ambao njia inaelekea. Hata chafya, Fundi alisema, ukiipiga kushoto ni kusema. Shingoni mchoraji ana filimbi. Mgeni akielekea kwenye hatari, filimbi inapulizwa, na ikishapulizwa njia imeanguka.

Mgeni aliyeletwa na msimamizi alikuwa mwanamke mwoka mikate kutoka mji wa ndani, mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka, amevaa buti za kuazima. Alimsalimu kila mtu langoni mara mbili. Fundi, juu ya kigoda chake, mguu umenyooshwa, alimweleza sheria, kisha akamvuta Kopo karibu akamvisha filimbi.

"Ukiona hatari, puliza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usinifikirie mimi."

Wakaondoka.

Sehemu ya chini ilikuwa ya Fundi, alama zake za zamani ambazo Kopo alizihuisha kwa tabaka jipya la rangi. Mwoka mikate alizipata bila shida na kila aliyoipata aliisalimu. Haya mwenzangu, umeamkaje. Na wewe, mbona umejificha. Aligeuka mara kwa mara kumuuliza Kopo kama anaishi hapa, kama ameolewa, kama bahari huwa inanyamaza. Kopo alitazama buti zake.

"Nimepewa ukuta unaotembea," mwanamke alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Kopo naye aliuma midomo asicheke. Kwa mara ya kwanza maishani kunyamaza kwake kulikuwa ni kazi, tena kazi aliyoiweza kuliko mtu yeyote.

Walipanda. Miiba ikapungua, upepo ukaongezeka, bahari ikafunguka pande zote mbili. Kisha wakatokea kwenye mabega, na shakwe wakapaa kwa kelele.

Ni pale, mwanamke aliposimama akiwa amekunja uso kwa sababu ya mwanga, ndipo Kopo alipoliona kosa lake. Toka langoni mpaka pale mgeni alikuwa amefundishwa kitu kimoja: fuata weupe. Alama zote za chini zilikuwa nyeupe tupu. Hakuna jiwe hata moja lililomwambia kwamba kuanzia hapa weupe wenye mstari mweusi ndio wa kweli. Kopo alikuwa amezipaka wanja zile za juu tu, mahali ambapo mtu alikwisha kuzoea macho yasiyo na wanja.

Kulia, baina ya mawe mawili, alama ya kwanza ilikuwa inasubiri, usawa wa goti. Kushoto mteremko ulishuka kwa upole, nyasi fupi, na juu ya mawe yake shakwe walikuwa wamedondosha madoa matatu manene yaliyofuatana kama yamepangwa na mtu. Mwishoni mwa nyasi zile hapakuwa na kitu. Palikuwa na hewa, na chini kabisa maji.

"Zile pale," mwoka mikate alisema, akaelekea kushoto.

Kopo aliitia filimbi mdomoni.

Kabla ya ukingo palikuwa na kichaka kimoja kilichokauka. Kutoka pale mpaka hatari bado palikuwa na nafasi ya kutosha ya mtu kusimama. Akikifikia kile kichaka napuliza, Kopo aliamua. Hakuiwaza Nyeupe, wala waya, wala baba kwenye kigoda. Aliwaza mabega mapana ya yule mwanamke na buti zisizo zake. Akasogea hatua zake kubwa kubwa, bila sauti, mpaka akawa karibu kiasi cha kuweza kumshika nguo.

Mwanamke alifika kwenye doa la kwanza. Akapita. Akafika la pili, akainama ili alisalimu kama alivyozoea, na hapo akasita. Alilikwaruza kwa ukucha. Likabanduka. Akanusa kidole.

"We mama wee," alisema taratibu. "Huyu nimempigia magoti ndege."

Alinyooka, akajifuta kidole kwenye sketi, na badala ya kuendelea akafanya kile ambacho sheria ya njia inasema: akageuka arudi kwenye alama ya mwisho. Alipogeuka, jua likawa mgongoni mwake. Kopo aliyatupa macho yake chini haraka. Mwanamke aliyapitisha macho juu ya mawe, moja baada ya jingine.

"Aa," mwanamke alisema. "Kumbe na ninyi mnajiremba."

Alipita kando ya Kopo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe mawili ya kulia, akaigusa alama na mstari wake mweusi, akatazama mbele, akaona nyingine, na nyingine mbele yake. Toka hapo hakusita tena. Aliyapita mabega yote kwa kasi ya mtu anayesikia mkate unaungua, akafika ncha, akasimama pale mahali ambapo rasi inaisha na bahari inaanza pande tatu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema lolote. Nyuma yake Kopo aliitoa filimbi mdomoni. Ilikuwa na alama za meno.

Langoni Fundi alikuwa amesimama, amekishika kigoda kama mkongojo. Msimamizi alifuta miwani. Fundi akauliza swali la sheria: umepotea wapi?

Mwoka mikate aliketi kwanza, akavua buti, akaomba maji. Kisha akasema hakupotea, ila kule kwa ndege alikaribia kudanganyika. Bahati aliona zile zenye wanja. Zilikuwa zimependeza, alisema, na laiti zingeanza huku chini asingepoteza hata hatua moja.

"Zenye nini?" Fundi aliuliza.

"Wanja. Zile zilizozungushiwa weusi."

Msimamizi alisema filimbi haikupulizwa, kwa hiyo kwake yeye njia imefaulu. Lakini kama alama zote zinahitaji kuguswa upya, hilo si lake kuamua. Nyeupe ni ya Fundi. Akamtazama Fundi, na Fundi akamtazama binti yake.

Kopo alijua kwamba hapa ndipo pa kusema. Maneno alikuwa nayo: ndege, kioo, jicho la mama, rangi ya madirisha. Yalipanda mpaka kooni yakakaa pale, kama zamani mbele ya darasa. Basi alifungua begi lake, akatoa kikopo cheusi na brashi nyembamba, akaviweka juu ya kigoda.

"Umegusa nyeupe yangu," Fundi alisema.

Kopo aliitikia kwa kichwa. Hakuinamisha uso.

Fundi alikichukua kikopo. Kando ya lango palikuwa na jiwe kubwa, na juu yake alama ya kwanza kabisa ya Nyeupe, ile aliyoichora akiwa kijana. Alilifuata akichechemea, akakataa mkono wa msimamizi, akajishusha chini kwa kuugulia goti. Alichovya brashi. Mstari wa juu aliupiga mwenyewe, na ulitoka umepinda kidogo. Akaegemea nyuma, akalikodolea macho jiwe kama mtu anayemtambua jamaa aliyerudi amevaa nguo mpya.

"Mama yako," alisema, bila kumtazama mtu, "alinipata kwa hila hiihii."

Kisha akamnyooshea bintiye brashi, naye Kopo akapiga magoti pembeni yake akaimalizia mistari mitatu iliyobaki. Haikupinda.

Alama zilizobaki Kopo alizipaka wanja peke yake, toka lango mpaka ncha na kurudi. Siku ya kufungua, mama alifunga cherehani yake akaja kuziona alama, wenzake kama alivyoziita, na akamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mke mkubwa hatimaye amejifunza kujipamba. Watu walikuwa wengi langoni, wenye fimbo na wenye kofia. Mzee mmoja aliyekuja na mkewe aliinama kwenye jiwe la kwanza, akapitisha kidole juu ya mstari mweusi, akasema hajawahi kuona alama kama hizi popote alikotembea. Akamgeukia Fundi.

"Hii ni kazi yako, ndugu yangu?"

Miaka yote hiyo, swali lile lilipoulizwa, Fundi ndiye aliyejibu. Alijibu "ni sisi," na Kopo alirudi nyuma hatua moja akajificha kwenye kivuli cha baba yake. Leo Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaweka kidole kwenye midomo yake, kama mchoraji katika matembezi ya mgeni, akatazama chini, asiangalie upande wowote.

Mzee alisubiri. Mkewe naye alisubiri. Mama aliacha kuongea.

Kopo aliliweka kopo chini.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka kavu, akameza mate, akaendelea. "Nimezichora mimi. Ya baba ni njia, na macho haya ni yangu. Mkifika kwa ndege msiogope, yatakuwa yanawaangalia."